Kufuli hubadilika, mwenye ufunguo ni yuleyule

Kitasa cha kawaida cha mlango, kile chenye silinda ya shaba na ufunguo bapa wenye meno upande mmoja, mara nyingi kina pini tano. Tuseme kila pini inaweza kukatwa kwa vimo sita tofauti. Sita kwa sita kwa sita kwa sita kwa sita ni 7,776, na katika funguo zote hizo ni mmoja tu unaofungua. Sasa inua zulia la kufutia miguu lililo mbele ya mlango huo. Mara nyingi ule mmoja uko hapohapo, na kama hauko chini ya zulia, uko ndani ya chungu cha maua.

Anayetaka kuelewa ulinzi, uwe wa mlango au wa akaunti ya simu, ana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni mtambo, ambao umetoka kwenye mbao ukaenda kwenye shaba, kisha kwenye hesabu. La pili ni mwenye ufunguo: anasahau, anapenda njia ya mkato, anamwamini anayezungumza kwa kujiamini, na mambo yakiharibika hutafuta wa kulaumiwa. Huyu hajabadilika, na ndiye anayeamua kama mtambo utafanya kazi au la.

Vijiti vinavyoanguka

Kufuli la mbao la Misri ya kale na Ashuru lilifanya kazi hivi. Komeo nene hupita ndani ya gogo lililopigiliwa mlangoni. Ndani ya gogo, juu ya komeo, kuna vijiti vilivyolegea. Komeo likisukumwa hadi mwisho, vijiti huanguka kwa uzito wao vyenyewe, vikaingia kwenye matundu ya komeo na kulibana. Ufunguo ni kipande kirefu cha mbao chenye vijiti vilivyosimama, mfano wa mswaki mkubwa. Unauingiza kwenye mfereji wa komeo, unauinua, vijiti vyake vinasukuma vile vya kufuli mpaka vitoke kabisa kwenye komeo, kisha unalivuta. Mwenye ufunguo wenye mpangilio tofauti wa vijiti atainua kimoja na kuacha kingine, na komeo halitoki.

Mwaka 1861 na tena 1865 Mmarekani Linus Yale mdogo alisajili hati za kitasa ambacho kimsingi ni wazo hilohilo, limepunguzwa na kutiwa ndani ya silinda. Badala ya kutegemea uzito, springi ndogo ndizo zinazosukuma pini chini. Kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo sahihi ukiingia, kila mkato unafika sawasawa kwenye mstari ambapo silinda ya ndani inakutana na nyumba yake, nayo silinda huzunguka. Jino moja likiwa fupi au refu kupita kiasi, kipande cha pini hubaki kimevuka mstari huo na kuzuia mzunguko.

Udhaifu wake unatokana na uchongaji. Hakuna mashine inayotoboa matundu matano katika mstari ulionyooka kabisa. Ukiikaza silinda kidogo upande mmoja kwa waya uliopindwa, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Fundi huiinua hiyo kwa waya wa pili mpaka asikie mlio mdogo, halafu hutafuta inayofuata kubanwa. Akikaza sana, pini zote hugoma kwa pamoja. Akilegeza, zilizokwisha kuinuka huanguka. Ndiyo maana vitasa bora huwekewa pini zenye kiuno chembamba katikati: kiuno hicho hunasa kwenye mstari na kumdanganya fundi kwamba amefika.

Lakini wezi wengi hawana subira hiyo. Hupiga mlango teke, na kinachopasuka si kitasa ila mbao ya fremu, pale bamba linalopokea ulimi wa kitasa liliposhikiliwa na skrubu za sentimita mbili. Badilisha skrubu hizo kwa za sentimita saba na nusu zinazopenya hadi kwenye nguzo au ukuta, na mlango utakuwa umepata nguvu ambayo kitasa cha bei kubwa kisingeupa. Ni jambo la kushangaza jinsi watu wanavyokubali kununua kitasa kipya kuliko kuazima bisibisi.

Mengine ya kitasa ni ya matunzo. Ufunguo wa ziada uchongwe kutoka kwenye ule wa asili, si kutoka kwenye nakala, kwa sababu kila nakala hubeba kosa la nakala iliyotangulia na kuongeza la kwake. Baada ya vizazi vitatu au vinne utaanza kuutikisa ndipo ufungue. Ufunguo unaozunguka tu ukivutwa nje kidogo umekwisha kulika. Na kitasa kikigoma, usimimine mafuta mazito: hukamata vumbi na kugeuka tope linaloziziba springi. Unga wa grafiti ndio wake.

Kengele iliyomsaidia mwizi

Kuna aina ya ulinzi isiyojaribu kuzuia, bali kuonyesha kwamba mtu ameingia. Wachimbaji wa kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, katika miaka ya 1920 waliukuta mlango wa kasha mojawapo la ndani umefungwa kwa kamba yenye fundo, na juu yake muhuri wa udongo ambao haukuwa umevunjwa kwa zaidi ya miaka 3,200. Mtoto angeweza kuikata kamba ile. Kazi yake ilikuwa ni kusema ukweli baadaye.

Jeremiah Chubb alilipeleka wazo hilo kwenye chuma mwaka 1818. Mwaka uliotangulia, bohari za bandari ya jeshi la majini ya Portsmouth, Uingereza, zilikuwa zimevunjwa kwa funguo bandia, na serikali ikatangaza zawadi ya pauni 100 kwa kufuli lisilofunguka ila kwa ufunguo wake. Kufuli la Chubb lilikuwa na vibamba ambavyo kila kimoja sharti kiinuliwe kwa kimo kamili. Kimoja kikiinuliwa kupita kiasi, springi inakinasa na kufuli linagoma hata kwa ufunguo halali. Mwenye mali akikuta limegoma, anajua kuna aliyelichokoa.

Kisha mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, akaja fundi Mmarekani, Alfred Charles Hobbs. Alilifungua kufuli la Chubb kwa takriban dakika 25. Kile kinasio cha kumkamata mwizi ndicho kilichomwongoza: kila kiliponasa, Hobbs alijua kibamba kipi kimepita kimo chake, akakirudisha na kuendelea. Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu akaligeukia kufuli la Joseph Bramah lililokuwa limewekwa kwenye dirisha la duka huko Piccadilly tangu 1790, na ahadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya zamani, kwa atakayelishinda. Lilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanywa katika siku 16, lakini likafunguka.

Tazama sasa watu walivyolipokea jambo hilo. Wengi hawakuwakasirikia waliouza makufuli yenye kasoro. Walimkasirikia Hobbs, kwamba anawafundisha wezi kazi. Hoja yake, iliyochapishwa mwaka 1853, ilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao kuliko sisi tunaotaka kuwaonya wengine. Mabishano hayo yapo mpaka leo kila mtu anapogundua tundu kwenye programu na kulitangaza. Wahusika wamevaa nguo nyingine, maneno ni yaleyale.

Makufuli ya benki yalipokuwa imara mno kuchokolewa, majambazi waliacha kushughulika nayo. Walimfuata mhasibu nyumbani kwake usiku, wakamtishia yeye na familia yake mpaka awape namba. James Sargent alijibu mwaka 1873 kwa kufuli la saa: likishafungwa jioni, halifunguki mpaka saa iliyopangwa ifike, hata mwenye namba akiamua kufungua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hicho ndicho kifaa chenye hekima kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Sargent hakumtaka mhasibu awe shujaa. Alihakikisha hana cha kutoa, na tangazo la jambo hilo mlangoni lilimlinda kuliko bunduki.

Namba za wanasayansi

Kama tatizo lingekuwa ujinga, wasomi wangekuwa salama. Wakati wa mradi wa bomu la atomiki, katika miaka ya 1940, siri kubwa kuliko zote za Marekani ziliwekwa katika maabara ya Los Alamos kwenye kabati za chuma zenye kitasa cha kuzungusha: namba tatu, kila moja kati ya 100, yaani mipangilio 1,000,000. Mwanafizikia Richard Feynman alizichunguza kama mchezo. Kwanza aligundua kwamba kitasa hukubali namba iliyokosewa kwa mbili juu au mbili chini, kwa hiyo inatosha kujaribu kila namba ya tano: 20 mara 20 mara 20, ni 8,000. Pili, droo ikiwa wazi, mtu anaweza kuzungusha kitasa na kuzisoma namba mbili za mwisho kwa jinsi ulimi unavyoinuka. Yeye alisimama ofisini mwa wenzake akizungumza nao, mkono ukichezea kitasa kana kwamba hana la kufanya. Baada ya hapo zilibaki namba 20 tu za kujaribu.

Hata hayo wakati mwingine hayakuhitajika. Takriban kabati moja kati ya tano ilikuwa bado na namba za kiwandani. Mmoja wa wanasayansi alikuwa ametumia 27-18-28, tarakimu za mwanzo za namba maarufu ya hisabati, 2.71828, na aliitumia hiyohiyo kwenye kabati zake zote. Lililo bora kuliko yote ni lile la kanali mmoja ambaye Feynman alimwonyesha hatari ya kuacha droo wazi wakati wa kazi. Kanali akatoa agizo: kila ambaye Feynman amepita ofisini mwake abadilishe namba. Droo ziliendelea kuachwa wazi, na Feynman ndiye aliyeonekana kuwa hatari.

Nenosiri la kwanza na mwizi wake wa kwanza

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, timu ya Fernando Corbató ilijenga mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupifupi. Kila mmoja alipewa nenosiri ili faili na muda wake visiguswe na mwingine. Mwaka uliofuata mtafiti Allan Scherr, ambaye saa zake za wiki hazikumtosha, aliagiza mashine ichapishe faili la manenosiri yote, ikalichapisha. Alitumia muda wa wenzake. Mwaka 1966 hitilafu ilichanganya faili mbili, na kila aliyeingia kwenye mfumo akapokelewa na orodha nzima ya manenosiri mahali pa ujumbe wa siku.

Hayo yalikuwa makosa ya mfumo, yakarekebishwa: manenosiri hayahifadhiwi tena yalivyo, husagwa kihesabu kiasi kwamba hayawezi kurudishwa. Ndipo mzigo ukamwangukia mtumiaji. Robert Morris na Ken Thompson walipochunguza manenosiri 3,289 na kuchapisha matokeo mwaka 1979, asilimia 86 yalipatikana kwa urahisi: 15 yalikuwa herufi moja tu, 72 herufi mbili, na mengine mengi maneno ya kamusi. Miaka 30 baadaye, mwishoni mwa 2009, manenosiri milioni 32 ya kampuni ya RockYou yalivuja, yakiwa yamehifadhiwa bila kufichwa. Lililoongoza lilikuwa 123456, likiwa na watu zaidi ya 290,000.

Namba ya siri ya benki nayo ina chimbuko la kibinadamu. John Shepherd-Barron, ambaye mashine yake ya kutoa fedha ilianza kazi Enfield, London, mwaka 1967, alisimulia kwamba alifikiria tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Tarakimu nne hutoa mipangilio 10,000. Ingetosha, kwa kuwa kadi huzuiwa baada ya makosa machache, laiti watu wangeitumia yote. Uchambuzi wa namba milioni 3.4 zilizovuja, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta 1234 peke yake ni karibu asilimia 11, na 1111 asilimia 6. Anayeona amekuwa mjanja kwa kuweka siku na mwezi wa kuzaliwa amepunguza 10,000 kuwa 366, na tarehe yenyewe mara nyingi iko kwenye kitambulisho, ndani ya pochi ileile yenye kadi.

Wataalamu walijibu kwa amri. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003, ulioandikwa na Bill Burr, ulisaidia kueneza duniani kanuni ambazo kila mwenye kazi ya ofisini anazijua: weka herufi kubwa, tarakimu na alama, na ubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Kwenye karatasi ilionekana sawa. Kwa watu ilizaa P@ssw0rd1, ambalo muda wake ukiisha huwa P@ssw0rd2. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipima hilo mwaka 2010 kwa akaunti za zamani zipatazo 10,000: ukijua nenosiri la mtu lililopita, katika asilimia 17 ya akaunti unalipata jipya kwa kukisia mara tano au pungufu. Mwaka 2017 NIST waligeuza mwongozo, na Burr mwenyewe akasema hadharani anajutia mengi aliyoandika. Sasa urefu ndio unaohesabika, kubadilisha ni pale tu kunapokuwa na dalili ya uvujaji, na mfumo unatakiwa kukataa manenosiri yaliyomo kwenye orodha zilizokwisha kuvuja.

Kupanga ulinzi kwa mtu alivyo

Kwa nini urefu? Chukua mashine inayokisia mara bilioni 10 kwa sekunde, kasi inayowezekana pale manenosiri yaliposagwa kwa njia dhaifu. Herufi nane ndogo za kubahatisha zina mipangilio takriban bilioni 209, na zinaisha kwa sekunde 21. Sasa rusha dadu mara tano kuchagua neno moja katika orodha ya maneno 7,776 (idadi ileile ya funguo za kitasa tulichoanza nacho, kwa kuwa hesabu ni moja). Maneno manne ya namna hiyo yatadumu kama siku nne. Matano, takriban miaka 90. Sita, zaidi ya miaka 700,000. Na maneno sita yasiyohusiana mtu huyakumbuka baada ya kuyaandika mara kadhaa, ilhali alama za ajabu huishia kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye skrini. Sharti ni moja: dadu ndiyo ichague. Ukichagua mwenyewe utaangukia methali, ubeti wa wimbo au majina ya watoto, na wakisiaji wanayo hayo yote.

Hakuna anayeweza kukariri maneno sita kwa akaunti 80. Atatumia moja kila mahali, halafu tovuti moja dhaifu ikivuja, wezi watalijaribu nenosiri hilo kwenye barua pepe yake na benki yake siku hiyohiyo. Kwa hiyo tumia programu ya kutunza manenosiri: ikariri yenyewe, wewe kariri la kuifungulia tu. Barua pepe iwe ya kwanza kuimarishwa, maana ndiyo inayopokea viungo vya kubadilisha manenosiri ya kwingine kote.

Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi inazuia mengi, ila inaweza kusomwa kwa sauti, na kinachoweza kusomwa kwa sauti kitaombwa. Anapiga mtu mwenye sauti tulivu, anajitambulisha kama ofisa wa usalama, anakutisha kwamba akaunti inaibwa sasa hivi, anaomba namba iliyoingia. Hajavunja kitu. Amekufanyia yale majambazi waliyomfanyia mhasibu wa karne ya 19, isipokuwa hofu yake imekuja kwa simu. Hapo usibishane wala usimpime: kata, kisha piga mwenyewe kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Ufunguo wa siri (passkey), ambao Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja mwaka 2022 kwamba watauunga mkono kila mahali, unafuata njia ya Sargent. Kifaa chako hutengeneza jozi ya funguo za kihesabu. Mmoja hubaki kwako, mwingine hupelekwa kwenye tovuti. Ukitaka kuingia, tovuti hutuma fumbo, kifaa hulitatua baada ya alama ya kidole au sura yako, na majibu hutolewa tu kama anwani ya tovuti ni ileile iliyosajiliwa. Tovuti ya bandia inayofanana nayo kwa kila kitu haipati jibu. Mtumiaji mwenyewe hawezi kumpa mtu ufunguo huo kwa simu, kwa sababu haujui.

Mlango unaobaki ni wa waliopoteza kifaa. Kila huduma lazima iwe na njia ya kumrudisha mtu ndani, na njia hiyo huwa dhaifu kuliko lango kuu: swali kuhusu shule yako ya msingi, au ujumbe kwa laini ya simu ambayo tapeli anaweza kuihamishia kwenye kadi yake kwa kumdanganya mhudumu. Ondoa namba ya simu kwenye njia za urejeshaji pale huduma inapokuruhusu. Maswali ya usalama yajibiwe kwa maneno ya kubahatisha yaliyotunzwa pamoja na manenosiri, kwani hakuna sheria inayotaka shule uliyotaja iwe imewahi kujengwa. Sajili kifaa cha pili kabla cha kwanza hakijapotea. Zile namba za akiba ambazo huduma hutoa, aghalabu nane au kumi za kutumika mara moja moja, zichape kwenye karatasi, weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na kila unapotumia moja ifute kwa kalamu. Karatasi hizo zisikae kwenye mkoba wa kompyuta, wala chini ya kibodi, ambako ndiko mtu wa kwanza atakapotazama.